Mfongo wa Mwaka 2090: Riwaya Tunayowadai Vijana



Mwaka 1994 Nancy Farmer, Mmarekani aliyewahi kuishi Msumbiji na Zimbabwe, alichapisha riwaya ya vijana iitwayo The Ear, the Eye and the Arm. Kisa kinatokea Zimbabwe, mwaka 2194. Watoto watatu wa jenerali, waliolelewa ndani ya ukuta, wanatoka nyumbani bila ulinzi. Hawafiki mbali. Wanatekwa, wanapelekwa kwenye jalala kuukuu na kuchimbishwa plastiki kama madini. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mwandishi. Roboti na magari yanayoruka kila mtu anaweza kuyabuni. Kuona kwamba taka zetu zitakuwa mgodi wa vitukuu kunataka jicho.

Sisi tunaye Katama Mkangi wa Kenya. Katika Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, alimrusha mhusika wake Dzombo angani hadi sayari nyingine. Kazi nzuri, ila shabaha yake ilikuwa watawala. Kijana wa miaka 13 anataka kwanza kujua kama shujaa atapona.

Anayetaka kumwandikia kijana huyo aanzie hapa Moshi. Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa barafu ya Kilimanjaro itatoweka ifikapo 2050. Mwanafunzi wa darasa la tano leo atakuwa hajatimiza hata miaka arobaini. Najua kishawishi kitakachomjia mwandishi: mashujaa wapande kileleni kuokoa bonge la mwisho la barafu, ili watu wa tambarare wasife kiu. Tafadhali, asiwadanganye watoto. Maji ya chemchemi na mito yetu hutokana hasa na mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Kwa hiyo adui wa riwaya ya kijana huyo nitamtafuta msituni, usiku, akiwa na msumeno.

Na vifaa vya mashujaa vipo tayari. Kabla Wajerumani hawajafika, Wachaga walikwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji inayoshusha maji kwa mteremko mtupu, bila pampu. Maji hukusanywa usiku kwenye nduwa, yaani mabwawa madogo, na kukicha yanafunguliwa kwa zamu. Sasa mweke msichana wa Pasua, hapa Moshi, mwaka 2090. Mtaro umekauka ghafla, mpunga wa Mabogini kule tambarare unanyauka, naye anapanda peke yake kutafuta ulipozibwa. Njia ya mfongo anaijua bibi yake tu. Na bibi hamwamini.

Wachapishaji, msiulize kwanza kama kitabu hicho kitaingia kwenye orodha ya vitabu vya ziada. Kitoeni kwa Kiswahili, kwa bei ya mfuko wa mwanafunzi. Nanyi mnaotaka kukiandika, kabla ya sura ya kwanza pandeni Kibosho au Machame, mkawaulize wazee wa mfongo zamu hugawanywaje, na anayeiba maji usiku hutozwa nini.