HAKIMU ALICHUKUA LESENI, KIU ILIBAKI

(Maneno ya mwanachama mmoja, zamani dereva, katika mkutano mkuu wa chama. Yamebandikwa kwa ridhaa yake.)



Mnanijua. Nilikuwa nabeba viazi vyenu kwenda Mafinga, na masika ulanzi ukijaa sikuweza kupita kilabuni bila kushuka. Asubuhi moja trafiki wakanipulizisha kipimo. Nikabisha, maana tangu usiku sijanywa! Kumbe pombe haiondoki kwa usingizi, wala kahawa, wala maji baridi. Ini huitoa taratibu, saa kwa saa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na mimi nilikuwa nimeuvuka.

Faini nikatozwa, leseni ikafungiwa, ukoo ukauza ng'ombe. Wiki ileile nikarudi kilabuni kwa miguu. Nikasema, sasa raha, siendeshi! Faini ilimpata dereva, mlevi haikumgusa.

Baadaye nikaapa kuacha, peke yangu, siku moja tu. Siku ya pili mikono ikatetemeka, jasho likanitoka, usiku nikaona watu wasiokuwepo, halafu nikaanguka kifafa. Mke wangu akadhani nimerogwa. Hospitali wakatuambia: aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla bila kuangaliwa, anaweza kufa. Wakanilaza wakanipa dawa. Kisha nikawa naonana na mshauri, mimi na mke wangu. Si sindano moja ukapona, jamani. Mwezi wa tatu nilikunywa tena. Nikarudi nikasema kweli, hawakunifukuza.

Sasa yuko kijana wetu wa bodaboda, amehukumiwa kwa kosa lilelile. Alitozwa faini, habari ya matibabu haikutajwa. Nasikia kamati inataka kumfuta uanachama. Mkimfuta ataazima pikipiki ya mtu mwingine, na njia anayopita ndiyo hiyo watoto wetu wanayokwenda nayo shule.

Mwenyewe amekubali kwenda hospitali, na funguo zake anampa katibu. Nanyi mama zangu wa ulanzi, sisemi mfunge, ada za shule zinatoka humo. Ila funguo za mtu aliyekunywa mnaweza kuzishika mpaka kesho, tena mchana.

Naomba nauli yake itoke mfuko wa chama. Jumatatu, basi la alfajiri, nitakwenda naye mimi.