BASTOLA KIUNONI: KIBALI ANACHO NANI?



Leo nataka tuzungumze juu ya bastola. Msishtuke! Sikuja kuwauzia, wala kuwafundisha kulenga shabaha. Nataka tuzungumzie ile karatasi inayomruhusu mtu kuificha silaha ndani ya koti na kukatiza nayo mitaani. Vijiweni kwetu, kwa sababu ya sinema, tunaamini kila Mmarekani akiamka anapiga mswaki, anachomeka bastola kiunoni, anakwenda kazini. Na wengine wenu mna kaka au shangazi huko Houston au Minneapolis, na roho zenu zimeshapanda ndege. Basi sikilizeni mambo yalivyo.

Marekani haina sheria moja ya kibali. Ina majimbo 50, na kila jimbo lina yake. Vermont haijawahi kudai kibali tangu enzi. Texas iliacha kukidai mwaka 2021. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamemruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria kuficha bastola yake bila karatasi yoyote.

Lakini tazameni New York. Kule sheria ya vibali ilianza mwaka 1911. Kwa miaka mingi mwombaji alitakiwa aonyeshe "sababu ya kutosha". Sasa nawauliza, utoshelevu huo ulipimwa na nani? Ulipimwa na ofisa aliyekaa mezani! Matajiri na watu mashuhuri walipata. Kabwela aliyesema mtaa wangu una vibaka na natoka kazini usiku, aliambiwa hiyo siyo sababu. Mwenye walinzi akaongezewa bastola, asiye na mlinzi akaambiwa aende na Mungu.

Kusini mambo yalikuwa machungu zaidi. Januari 30, 1956, nyumba ya Mchungaji Martin Luther King huko Montgomery, Alabama, ilirushiwa bomu, mkewe na mtoto mchanga wakiwamo ndani. King akaomba kibali cha kubeba bastola. Akanyimwa! Jamani, kama bomu barazani siyo sababu ya kutosha, sababu ni ipi? Sababu ilikuwa rangi yake, na mgomo wa mabasi aliokuwa akiuongoza. Baadaye yeye mwenyewe aliamua nyumba yake isiwe na silaha, lakini huo ulikuwa uamuzi wake. Wa ofisi ulikuwa wa ubaguzi.

Ndipo Juni 23, 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikaifuta ile "sababu ya kutosha" ya New York. Ikasema mtu akitimiza masharti yaliyoandikwa, ofisa hana ruhusa ya kumnyima kwa sababu tu hakupendezwa na maelezo yake. New York ikaandika masharti mapya, yakaanza Septemba 1 mwaka huohuo: uwe na miaka 21, ulete watu wanne wa kukushuhudia tabia, ufanyiwe usaili, usome darasani saa 16 na ufyatue risasi uwanjani saa 2. Na ukishapata kibali, usiingie nayo Times Square, wala kwenye treni za chini ya ardhi, wala baa, wala shuleni. Ni masharti mazito, lakini angalau yameandikwa, kila mtu anayasoma.

Sasa tuseme umepata. Maisha ya kila siku yanakuwaje? Si kama kwenye sinema! Bastola ni mzigo. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio, maana ukiichomeka tupu kwenye suruali unaweza kujipiga paja mwenyewe. Shati lazima liwe pana, mkanda uwe mgumu, na ukiinama dukani kuchukua sukari ujiangalie isichungulie. Ukienda chooni, unaiweka wapi? Ukialikwa kwenye bia, unakunywa au unaikumbuka silaha? Ukiiacha garini, mwizi anakusubiri. Nyumbani kuna mtoto mdogo mwenye vidole vya udadisi, kwa hiyo ununue kasha la chuma lenye kufuli.

Na watu husahau. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata silaha zaidi ya 6,700 kwenye mabegi ya abiria, na nyingi mno zilikuwa na risasi ndani.

Kibali cha jimbo moja pia si cha kila jimbo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alivuka mpaka na gari lake kuingia New Jersey. Akasimamishwa na polisi, akasema mwenyewe kwa uaminifu kwamba ana bastola na kibali chake hiki hapa. Kumbe ng'ambo ya mpaka karatasi ile haikuwa na thamani! Aliwekwa ndani zaidi ya mwezi, akakabiliwa na kifungo cha miaka, hadi gavana alipomsamehe mwaka 2015.

Lakini hilo ni dogo. Julai 6, 2016, karibu na St. Paul, Minnesota, askari alimsimamisha Philando Castile, kijana mweusi wa miaka 32, mfanyakazi wa jikoni kwenye shule ya watoto. Kibali alikuwa nacho. Akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye askari akafyatua risasi saba. Castile alipigwa akiwa ndani ya gari, mpenzi wake pembeni, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma, akafa. Mwaka 2017 askari yule akaachiwa huru na baraza la mahakama.

Vijana, shikeni hapo. Castile alikuwa na kibali na alisema ukweli. Karatasi ilikuwa halali, ila macho ya askari hayakusoma karatasi, yalisoma ngozi.

Tena kuna hesabu ambayo sinema haiitaji. Mwaka 2021 silaha za moto ziliua watu 48,830 Marekani. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Bastola uliyoinunua kwa ajili ya kibaka inakaa na wewe hadi usiku ule umefukuzwa kazi, umeachwa na mchumba, na huna wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo msimwonee wivu mwenye kitu kiunoni, awe kigogo wa hapa au kaka yenu wa Houston. Wivu wenu uelekezeni kwenye sheria. Kila mnapoona kibali, kiwe cha silaha, cha biashara au cha mkutano wa hadhara, ulizeni maswali matatu. Je, masharti yameandikwa, au yamo kichwani mwa mkubwa? Akininyima, atanipa sababu kwa maandishi? Na nikikataa uamuzi wake, nitakwenda kulalamika kwa nani?

Pale majibu yanapokosekana, hicho siyo kibali, ni fadhila. Na fadhila ya mkubwa haijawahi kumlinda kabwela.