BOILA YA MAJI YA MOTO IKAGULIWE KILA MWAKA

(Maneno ya hotuba kwa wanachama wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta)



Nimepewa nafasi niseme juu ya boila ya maji ya moto ya nyumbani. Wengine watasema hilo ni jambo la tajiri, maana yeye ndiye anayeoga maji hayo. Lakini ni nani anayewasha moto saa kumi na moja alfajiri? Ni mpishi, ni mtumishi wa nyumba, ni mfanyakazi wa nyumba ya wageni au wa bweni la shule. Boila ikipasuka saa hiyo, mwenye nyumba yu kitandani, na mwenzetu ameinama mbele ya moto. Basi jambo hili ni letu.

Watu wa Voi hawakuanza jana kujua boila. Reli ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikajengwa njia ya kwenda Taveta. Injini za zamani zilikwenda kwa mvuke. Wachochea moto wa injini hizo walishika amri mbili: maji yasipungue, na valvu ya usalama isifungwe. Juu ya tanuri paliwekwa plagi ya madini laini. Maji yakipungua, plagi iliyeyuka na mvuke ukatoka kwa kishindo, na watu wakapata onyo. Tena boila zile zilipoozwa na kuoshwa ndani kwa zamu. Boila ya nyumbani ni ndogo, lakini moto ni ule ule na maji ni yale yale.

Sasa sikilizeni hatari yenyewe. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 za maji baridi zikikaribia kuchemka huwa kama lita 104. Hizo lita 4 lazima zipate pa kwenda: ama bomba la kupumulia, ama valvu ya usalama. Njia zote zikizibwa, presha hupanda, na maji yaliyobanwa hupita joto la kuchemka. Siku tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na lita 1 ya maji hutoa mvuke wa lita 1,600 hivi. Ndiyo maana tangi dogo laweza kung'oa paa.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuangaliwa zaidi. La kwanza ni mgao wa maji. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, hupeleka maji Mombasa, na Voi nayo hunywa humo. Lakini mifereji hukauka mara nyingi. Ukiwasha moto na tangi halina maji, bamba huwa jekundu. Hapo usifungulie maji baridi kamwe! Ondoa kuni, ondoka, uache boila ipoe. La pili ni maji ya visima vya nyanda za chini, yenye chumvi na chokaa. Huacha ukoko ndani kama ule wa sufuria, moto haufiki majini vizuri, kuni huliwa bure, na bamba huungua.

Basi kila mwaka fundi aitwe, na afanye haya:

1. Moto uzimwe na boila ipoe. Ikiwa ni ya umeme, swichi kubwa ikatwe.

2. Valvu ya usalama ijaribiwe. Ikidondosha maji, ibadilishwe; isizibwe kwa kijiti wala kwa plagi. Bomba lake lielekee chini, mahali asiposimama mtu.

3. Bomba la kupumulia litazamwe kama li wazi. Nyigu hupenda kujenga kwa udongo humo.

4. Koki ya chini ifunguliwe, matope yatoke mpaka maji yawe safi. Boila inayonguruma mara nyingi imejaa ukoko.

5. Tangi lenye fimbo ya magnesi, fimbo itolewe itazamwe. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, iwekwe mpya.

6. Masizi yakwanguliwe tanurini na katika dohani. Moto usiopata hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

7. Kidhibiti joto na waya wa ardhi vipimwe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na mtoto huungua upesi zaidi.

Kazi hiyo ni ya fundi, na gharama yake ni ya tajiri. Kazi yako wewe ni kutazama kila siku: maji yamo? Pana tone? Pana mlio mgeni? Ukiona, sema siku ile ile, na uandike tarehe katika daftari. Maana boila ikiharibika, lawama huangukia aliyewasha moto, na asiye na maandishi hana wa kumtetea.

Mtaniuliza: je, serikali haikagui? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila za mvuke, kama za viwandani, zipimwe na mtu aliyeidhinishwa. Lakini boila ya kuogea nyumbani si ya mvuke, na mkaguzi habishi hodi kwa kila tajiri. Kwa hiyo ni sisi tutakaouliza. Sheria hiyo hiyo yamwamuru mfanyakazi kutoa habari mara moja aonapo hatari kubwa, na tajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali hatari ingali ipo. Hiyo siyo ukaidi, ni haki.

Nashauri kila tawi liombe jambo hili liandikwe katika mapatano na matajiri: fundi mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi ya Juni, na karatasi ya ukaguzi itundikwe karibu na boila, mwenye kuwasha moto aweze kuisoma.