Maji Machafu ya Kiwanda cha Kahawa na Makisio ya Chama

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya hesabu, nami nitaanzia pale ambapo vitabu vingi ninavyovikagua havina hata mstari mmoja, nayo ni maji yatokayo katika viwanda vyetu vya kumenya kahawa hapa mteremkoni Kilimanjaro.

Kilo 100 za kahawa mbivu hutoa maganda yapatayo kilo 40. Kiwanda cha mtindo wa zamani, kitumiacho maji mara moja na kuyaachia, chaweza kumaliza lita 40 kwa kila kilo ya kahawa safi. Basi chama kitoacho kilo 10,000 kwa msimu huachia lita 400,000, yaani madebe 20,000. Kwa kuwa maji hayo hayakutoka chooni, wengi hudhani hayana madhara. Sivyo. Utelezi wa kahawa umejaa sukari. Ukichacha hugeuka asidi, na vijidudu viulavyo huimaliza hewa iliyomo mtoni hata samaki wakafa. Kwa kipimo hicho, maji ya kiwanda huweza kuyazidi maji machafu ya mji mara kadhaa.

Mfereji upitao chini ya kiwanda ndio uendao katika bustani na mitungi ya jirani zetu wa bondeni, ambao nao ni wanaushirika. Hao ndio wanaolipa gharama tusiyoiandika.

Katika chama kimoja nilikuta shimo lililochimbwa kwa bidii, lakini hatua chache tu kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mvua za vuli zilipokuja, shimo likafurika. Fedha za kulizibua ziliandikwa katika fungu la "Mengineyo", fungu ambalo, Ndugu Makatibu, limekuwa shimo la pili.

Yafaa kwanza kupunguza maji. Maji ya kumenyea huweza kuchujwa maganda na kurudishwa kwa pampu siku ile ile. Yasilazwe hadi kesho, kwani yaliyochacha huitia kahawa harufu, na bei hushuka mnadani. Na maji ya kuoshea mwisho sharti yawe safi daima. Maganda yatengwe na maji tangu mwanzo, kisha yaozeshwe pamoja na samadi, yawe mbolea ya kihamba. Ama chokaa, hiyo hupunguza ukali wa asidi tu, haiondoi sukari iliyokwisha kuyeyuka. Hivyo aliyetia chokaa hajapata ruhusa ya kulifungulia shimo lake mtoni.

Uchimbaji, pampu na mafuta yake, chokaa, na ujira wa wazoa maganda viwe na fungu lao katika makisio, lipitishwe na mkutano mkuu kabla msimu haujafunguliwa. Mwanachama akiuliza kwa nini amekatwa senti kadhaa kwa kila kilo, asomewe tarakimu hizo moja moja. Ni haki yake.

Katika ukaguzi ujao nitaomba kuonyeshwa shimo kwanza, daftari la fedha baadaye. Katibu aje na kamba ya kupimia mita 60.