Kuvimba kwa Mfuko wa Nyongo: Hatari ni Kukawia



Kila mtu aliyewahi kuchinja mbuzi aujua mfuko wa nyongo. Ni ule mfuko mdogo wa rangi ya kijani ulioshikamana na ini, ambao mchinjaji huuondoa kwa uangalifu, usije ukapasuka na kuitia nyama uchungu. Binadamu naye ana mfuko kama huo. Umekaa chini ya ini, upande wa kulia, mahali mbavu zinapoishia. Urefu wake ni kadiri ya inchi 3 au 4, na nyongo iliyomo ni kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya mezani tu.

Kazi ya mfuko huo ni kuweka akiba. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, nayo nyongo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Mtu akila chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kuisukuma nyongo katika mfereji mwembamba mpaka kwenye utumbo. Mambo yakienda sawa, mwenyewe hana habari kwamba ana mfuko wa nyongo.

Taabu huanza nyongo inapoganda na kufanya mawe. Mengine ni madogo kama punje ya mtama, na mengine ni makubwa kuliko harage. Watu wengi wenye mawe hayo hawaumwi kamwe, wala hawahitaji kutibiwa. Walakini jiwe likinasa mlangoni mwa mfuko, nyongo haina njia ya kutokea. Mfuko hujaa, hutanuka na kuvimba, na baadaye vijidudu huweza kuzaana ndani yake. Katika kila wagonjwa 10 wenye ugonjwa huu, 9 hivi wameupata kwa sababu ya mawe.

Yeyote aweza kupatwa, lakini wako watu wanaopatwa zaidi. Wanawake hupata mawe kuliko wanaume, hasa waliozaa mara nyingi, kwa kuwa wakati wa mimba mfuko huwa mvivu wa kujikaza. Kadhalika watu waliopita miaka 40, watu wanene kupita kiasi, wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao wazazi au ndugu zao waliugua. Tena wako wenye ugonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu za damu yao hupinda kama mundu. Ugonjwa huo ni wa kurithi, nao huonekana sana katika nchi za kando ya Ziwa Nyanza na katika Pwani. Kwa kuwa damu yao huharibika upesi, mawe huweza kuwapata hata wangali watoto.

Inafaa kila nyumba ijue dalili za ugonjwa huu. Maumivu makali hushika chini ya mbavu za kulia au katikati ya tumbo juu ya kitovu, aghalabu baada ya chakula chenye mafuta mengi. Huweza kupanda hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Jiwe likinasa kwa muda kisha likatoka, maumivu hupoa baada ya saa chache. Lakini yakipita saa 6 bila kupoa, na mgonjwa akawa na homa, akatetemeka, akatapika, na akavuta pumzi kwa shida kwa sababu ya uchungu, basi huenda mfuko umevimba. Macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, pengine jiwe limeziba mfereji mkubwa, na hatari imezidi. Wazee na wenye ugonjwa wa sukari waangaliwe zaidi, maana wao huweza kuumwa kidogo tu huku mfuko unaoza.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mathalani, mama arudi kutoka arusini, na usiku ashikwa na tumbo. Jirani amwambia ni vidonda vya tumbo, naye anunua dawa dukani. Siku ya pili aambiwa ni mchango, apewa dawa ya kuharisha. Siku ya tatu achanjwa chale. Siku ya nne homa ni kali, na mfuko uliokuwa umevimba tu sasa umeanza kuoza. Mfuko ukitoboka, nyongo na usaha humwagika tumboni, na sumu huweza kuenea katika damu. Hapo hata daktari hodari aweza kushindwa kumwokoa.

Watu wengine husema, "Nina nyongo," kila watapikapo maji ya manjano yenye uchungu. Kutapika hivyo peke yake si dalili ya mfuko kuvimba. Mtu yeyote mwenye tumbo tupu akitapika sana hutoa nyongo. Hufaa apimwe ili ijulikane kama ni malaria au jambo jingine. Wako pia wanaosifu kunywa mafuta ya zeituni pamoja na maji ya malimau ili mawe yatoke, na kesho yake huonyesha vidonge vya kijani chooni. Vidonge hivyo vilipochunguzwa na wataalamu vilionekana kuwa namna ya sabuni iliyofanyika tumboni kwa mafuta yale yale. Mawe yamebaki mahali pake, na siku zimepotea bure.

Matibabu yake ni haya. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Njiani asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Daktari atambonyeza chini ya mbavu, atapima damu, na atalitazama tumbo kwa chombo cha mawimbi ya sauti, kile kile kinachotumiwa kuwatazama watoto walio tumboni mwa mama zao. Mgonjwa atatiwa maji kwa mshipa, atapewa dawa za kutuliza maumivu na za kuua vijidudu. Kisha, akiweza kustahimili, atapasuliwa ili mfuko uondolewe, na ni afadhali jambo hilo lifanyike katika siku chache za kwanza. Mfuko ukiachwa na mawe yake, mara nyingi ugonjwa hurudi.

Wengi huogopa kisu. Lakini kazi hiyo si ngeni. Daktari Carl Langenbuch aliuondoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 15 Julai 1882. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 43, aliyeteseka kwa miaka 16, naye alipona. Mwaka 1985 daktari mwingine wa Ujerumani, Erich Mühe, aliuondoa kwa kutumia chombo cha kutazamia kilichopitishwa katika tundu dogo la tumbo, na siku hizi njia ya namna hiyo imeenea duniani. Mtu aweza kuishi vizuri bila mfuko huo, kwa maana ini huendelea kutengeneza nyongo, nayo hushuka yenyewe mpaka utumboni.

Kuhusu kujikinga, hakuna njia iliyo ya hakika kabisa, lakini hatari hupungua. Mtu ale kwa nyakati zake, apunguze vyakula vya kukaangwa na mafuta ya nyama, azidishe maharagwe, mboga za majani, matunda na unga usiokobolewa. Autumikishe mwili wake. Aliyenenepa apunguze uzito polepole, maana kujinyima chakula ili kukonda kwa haraka huleta mawe yale yale anayoyakimbia. Mwenye ugonjwa wa sukari afuate dawa zake. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu amweleze daktari kila mara mtoto alalamikapo tumbo la upande wa kulia.

Wahenga walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Katika ugonjwa huu neno hilo ni kweli tupu. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia yasiyopoa, yakifuatana na homa, hayafai kungojwa hadi kesho. Mgonjwa anayefika hospitali mapema, aghalabu hurudi nyumbani akiwa mzima.