RISASI ILIYOPIMWA KWA MKONO

Mtu anayemfuata mbogo aliyejeruhiwa kichakani hana nafasi ya kujiuliza kama kiwanda kilisema kweli. Anachokitegemea ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi iitwayo .458 Winchester Magnum. Kabla ya hapo wawindaji wengi wa tembo na mbogo walitegemea bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, ghali mno, zenye risasi za maganda makubwa. Winchester wakaahidi nguvu ileile katika bunduki ya bei nafuu. Kichwa cha greni 500, yaani gramu 32 na ushei, kingeruka kwa mwendo wa zaidi ya futi 2,100 kwa sekunde. Nani angekataa? Mabwana nyama wengi wa Afrika Mashariki wakaishika.

Kasoro ilikuwa katika ganda. Lilifanywa fupi, inchi 2.5 tu, ili litoshee bunduki za kawaida. Baruti ikabidi ishindiliwe. Ikikaa muda mrefu huweza kushikana madonge kama sukari iliyopata unyevu, na madonge hayaungui sawasawa. Risasi moja inapiga kwa nguvu, inayofuata inakohoa. Mwaka 1959, huko Msumbiji, Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa vibaya na mbogo huku mkononi ana bunduki ya .458.

Waliofichua jambo hili kwa tarakimu ni watu wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, ambao Marekani ni wengi kama washona nguo kwetu. Walipofyatua risasi za kiwandani mbele ya kifaa cha kupimia mwendo, baadhi hazikufika hata futi 2,000. Boksi lilisema vingine.

Kazi ya watu hawa inahitaji subira ya fundi saa. Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni miligramu 65 hivi. Mjazaji mwenye akili huanza na kipimo cha chini katika majedwali ya watengeneza baruti, kisha hupanda kidogo kidogo, akikagua kila ganda lililofyatuliwa. Fataki ikibonyea bapa, au bunduki ikiwa ngumu kufunguka, huo ni msukumo uliozidi, na anayeendelea hapo anayachezea macho yake. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ama baruti, ama kichwa, ama kina cha kukikaza kichwa katika ganda. Kisha hupiga risasi tatu au tano kwenye karatasi iliyo yadi 100, na kupima matundu yamekaribianaje. Mtutu hutetemeka kila unapofyatuliwa, na kila mtutu una mtetemo wake. Ndiyo maana risasi inayolenga vizuri katika bunduki yangu yaweza kutawanyika katika yako.

Halafu kuna joto. Baruti iliyopimwa wakati wa theluji huongeza msukumo ikichomwa na jua la Selous. Waingereza walilijua hilo zamani, na maganda yao makubwa yalikuwa na nafasi ya kuvumilia.

Mimi sishangilii sana matundu yanayogusana. Mbogo hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, wala hana mduara mweusi kifuani. Ninachokithamini ni risasi ya 40 kufanya kama ya kwanza. Lott mwenyewe, mwaka 1971, alitengeneza risasi yake, .458 Lott, yenye ganda la inchi 2.8, na kwa miaka mingi wengi walioitumia walijijazia kwa mkono. Winchester nao baadaye waliirekebisha ya kwao.

Kwetu kujaza risasi nyumbani si burudani ya mtu yeyote, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini mbogo bado wanaingia mashambani, na anayeitwa ni bwana nyama. Mtalii huja na risasi alizozijaribu mwezi mzima. Bwana nyama huchukua boksi alilopewa stoo, na huenda limekaa humo miaka.

Kila shehena itolewe risasi 10, zifyatuliwe mbele ya kifaa cha kupimia mwendo, katika joto la mchana, kabla boksi moja halijapelekwa porini. Vifaa hivyo siku hizi vipo vinavyoingia katika mfuko wa koti. Na tarehe ya kupimwa iandikwe juu ya boksi, mahali ambapo mwenye bunduki ataiona.