Katiba ya Kiasi Baada ya Mapinduzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Manda)



Huenda mmoja wenu akauliza: sisi tukaao Manda, kando ya Ziwa Nyasa, yatuhusu nini mambo ya Unguja na Pemba? Jawabu langu ni kwamba visiwa vile ni sehemu ya Jamhuri yetu, na tena jambo nitakalolisema lafanana na kazi yetu ya kila siku. Wazee walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mamlaka nayo ni mali ya watu, na katiba ndiyo daftari lake.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini daftari la kwanza lilichanika. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Sultani akiwa mkuu wa nchi. Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura, walakini kilipewa viti 13 tu kati ya 31, kwa jinsi majimbo yalivyogawanyika. Sheria ilifuatwa, lakini watu wengi hawakujiona ndani ya serikali ile. Hiyo haikuwa sababu pekee, maana kulikuwa na uchungu wa ardhi na wa kabila tangu zamani. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakatokea. Sultani akakimbia, watu wengi wakauawa, na wengine wakaiacha nchi wasirudi tena.

Basi jamhuri ikazaliwa, lakini kwa muda wa miaka 15 haikuwa na katiba ya kudumu. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, na ndilo lililozitekeleza. Zikawekwa mahakama za wananchi ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Wenzangu makarani, sisi twaijua ofisi ambamo mtu mmoja hupokea fedha, huandika stakabadhi, kisha hukagua hesabu yake mwenyewe. Hata akiwa mwaminifu, hapana awezaye kuushuhudia uaminifu wake.

Dawa ya jambo hili ilikuja polepole, kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kutenganisha kazi. Katiba ya 1979 iliweka Baraza la Wawakilishi litunge sheria, na Baraza la Mapinduzi likabaki na kazi ya kutawala. Hatua ya pili ni kumwekea mtawala mpaka. Katiba ya 1984 iliandika haki za mtu mmoja mmoja, na ikasema kwamba Rais asizidi vipindi viwili vya miaka mitano.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kupita zote, nayo ni kumpa aliyeshindwa mahali pa kukaa. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, lakini chaguzi za 1995 na 2000 zilileta ugomvi mkubwa. Mwezi wa Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, watu zaidi ya 20 wakafa, na wengine wakavuka bahari hata Shimoni, nchini Kenya. Ndipo, baada ya mazungumzo mengi, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakapeana mkono mwezi wa Novemba 2009. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura, na asilimia 66 wakakubali serikali ya pamoja. Katiba ikabadilishwa, Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama cha pili, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ukapita kwa amani.

Wako wasemao kwamba wote wakila sahani moja, hapana atakayesema chakula kimeungua. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini hesabuni miaka: tangu 1964 hata 2010 ni miaka 46. Katiba ya kiasi ni ile ambayo mshindi haogopi kuiacha ofisi, na aliyeshindwa haoni haja ya kushika panga. Kama hayo yangaliandikwa mapema, makaburi yangalikuwa machache.

Walakini karatasi haijilindi yenyewe. Mwezi wa Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alitangaza kwamba uchaguzi umefutwa. Ukarudiwa Machi 2016, na chama kikuu cha upinzani kikaususia. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hata Desemba 2020, ingawa katiba ilikuwa ile ile.

Hapo ndipo naona sehemu yetu sisi. Daftari la wapiga kura huandikwa na karani. Fomu ya matokeo hujazwa na karani. Kumbukumbu za mkutano hutunzwa na karani. Wakubwa wanaweza kuandika katiba nzuri kupita zote, lakini siku ya kura itakuwa mikononi mwa mtu mwenye mshahara mdogo na kalamu. Akiandika tarakimu aliyoiona kwa macho yake, katiba i hai. Akiandika aliyoambiwa, imekufa, hata kama kitabu chake kingali kabatini.